Mkahawa wa Neema Crafts, Iringa: hapa "kiziwi" ni jina, "bubu" ni tusi

Mkahawa wa Neema Crafts mjini Iringa ninampendekezea yeyote anayepita Nyanda za Juu Kusini, na nina sababu mbili ambazo katika tathmini hii sitaweza kuzitenganisha: chakula chake ni kizuri, na wahudumu wake ni viziwi. Neno "viziwi" nimeliandika kwa makusudi. Najua wapo wasomaji watakaoliona kali, ambao wangependa niandike "watu wenye ulemavu wa kusikia". Na wapo wengine, tena si wachache, ambao wangeandika "mabubu" bila kuona tatizo lolote. Watu wakisimulia mkahawa huu, mara nyingi husifu keki na kahawa, kisha huwataja wahudumu kwa jina lolote linalowajia mdomoni. Kwa hiyo nimeona nieleze huduma yenyewe pamoja na suala la majina, yaani nani huitwaje pale, na nani ana haki ya kumwita hivyo, kwa sababu mteja asiyelielewa hilo hatapata huduma anayoistahili, na atamuumiza mtu aliyekuja kumhudumia.

Mji wa Iringa uko mlimani, juu ya barabara kuu iendayo Mbeya kutoka Dar es Salaam, na anayeshuka basi kule chini Ipogolo hupanda bajaji hadi mjini. Kituo cha Neema Crafts kiko chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Kilianza mwaka 2003, pale Susie Hart, mtaalamu wa kazi za mikono kutoka Uingereza, alipokaa na vijana watatu viziwi wakaanza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi ile ilikua, wakaja watu wenye ulemavu wa aina nyingine, zikaongezeka karakana za ufumaji, ushonaji na utengenezaji wa shanga, likafunguliwa duka, na mkahawa huu ukawa mahali ambapo mgeni hukutana uso kwa uso na wale ambao kazi za mikono yao zinauzwa pale pale.

Oda huandikwa. Ukishaketi, mhudumu anakuletea menyu, kijitabu na kalamu. Unachagua, unaandika unachotaka na idadi yake, kisha unamrudishia. Yeye anasoma, anapitisha kidole kwenye kila mstari huku akikutazama usoni ili uthibitishe, na kama kuna jambo linalohitaji kuulizwa, kwa mfano kama chai ni ya maziwa au ya rangi, anauliza kwa kukuonyesha kwenye menyu au kwa kuandika. Hakuna haja ya kuita "dada, dada", kupiga mluzi wala kugonga glasi kwa kijiko. Unapotaka kumwita unapunga mkono pale macho yake yanapoweza kuuona. Akiwa amekupa mgongo unasubiri ageuke, au kama uko karibu unamgusa bega taratibu. Oda yetu ilikuja sahihi, hata ule mstari wa mwenzangu aliyetaka kachumbari bila kitunguu, na sioni ajabu yoyote, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kuthibitishwa kabla karatasi haijafika jikoni. Nimekula katika migahawa mingi ambako mhudumu hushika kichwani oda za meza nne kwa wakati mmoja, na ninajua matokeo yake.

Kuhusu chakula sina mengi. Kahawa ni nzito na inafika ikiwa ya moto kweli kweli, jambo la maana katika mji wenye baridi kama Iringa, keki ni laini na sukari haikuzidi, sandwichi inashibisha. Mtu anayetafuta ugali na mboga za nyumbani atapata kwa mama lishe yeyote mjini kwa bei nafuu zaidi, lakini anayetaka kuketi saa mbili nzima akisoma au akizungumza bila muziki wa kupasua masikio, hapa ndipo mahali pake.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike. Meza iliyo jirani na yetu walikuwa wameketi wanaume watatu, vitambulisho vya semina vikiwa shingoni. Mmoja wao, bila ukali wowote, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kumwita kondakta, alimwambia mhudumu aliyekuwa akipita mbele yake, "We bubu, tuletee chumvi," huku akiiga kwa vidole kitendo cha kunyunyiza chumvi. Ni dhahiri alidhani neno lile limebaki kwa waliosikia. Halikubaki. Bubu ni neno ambalo midomo hufumba mara mbili na kufunguka mara mbili, na kiziwi aliyekua akiliona kwenye vinywa vya watu tangu utotoni hahitaji sauti ili alitambue. Yule dada alileta chumvi, akaiweka mezani kwa adabu, kisha akachukua kijitabu chake, akaandika mstari mmoja, akakilaza mbele ya yule mteja na kusubiri asome. Baadaye nilimwomba anionyeshe alichoandika, naye akanionyesha bila kusita: "Mimi kiziwi. Bubu hapana."

Yule bwana alisoma, akaweka mkono kifuani na kuomba radhi. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini mwenzake, aliyekuwa amekisoma kijitabu kwa kuchungulia, akauliza, "Kwani si kitu kimoja?" Nadhani Watanzania wengi wangeuliza vivyo hivyo, tena kwa nia njema, kwa hiyo swali hilo linastahili jibu kamili.

Si kitu kimoja. Kiziwi ni neno linaloeleza jambo moja tu, kwamba masikio hayasikii. Bubu ni neno linalodai jambo la pili ambalo si kweli. Kwa kawaida koo, ulimi na midomo ya kiziwi havina hitilafu yoyote. Anaweza kucheka, kulia, kuita na hata kutamka maneno, na viziwi wengi hufanya hivyo, wengine huamua kutotumia sauti kwa sababu wamechoka kutazamwa. Zaidi ya hapo, bubu katika Kiswahili cha kila siku ni mtu asiye na la kusema: huambiwa bubu mwanafunzi aliyeshindwa kujibu, huambiwa bubu shahidi aliyenyamaza. Ukimwita kiziwi bubu unamwambia kwamba hana lugha. Naye lugha anayo. Lugha ya Alama Tanzania ina msamiati wake, ina sarufi yake inayotumia mikono, uso na nafasi iliyo mbele ya mwili, na wala haifuati mpangilio wa Kiswahili neno kwa neno. Ndiyo maana sentensi ya yule dada ilikuwa fupi namna ile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unapoeleza maana ya lugha unazitaja lugha za kusemwa pamoja na lugha za alama kwa pumzi moja.

Tusi hili halikutoka mitaani peke yake. Shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu, iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki Tabora mwaka 1963, ilibeba neno la ububu ndani ya jina lake la Kiingereza, kama zilivyofanya shule nyingi za namna hiyo duniani, na waliofanya hivyo walikuwa watu waliojitolea maisha yao kuwafundisha watoto ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwafundisha. Kwa miaka mingi shule za viziwi, hapa kwetu na kwingineko, zilisisitiza mtoto ajifunze kusoma midomo na kutamka, na mikono yake ikatazamwa kama kikwazo. Mtoto aliyehukumiwa kwa kile ambacho kinywa chake hakikuweza kufanya vizuri, huku kile ambacho mikono yake ingefanya kwa ufasaha hakihesabiki, alikuwa ameshaitwa bubu hata kama hakuna aliyelitamka neno hilo darasani. Kwa hiyo kiziwi anapolikataa anakataa pia historia hiyo yote.

Upande wa pili wako wale wanaoliogopa hata neno kiziwi. Hawa ni watu waungwana, na wengi ni watumishi wa umma, waandishi wa habari na wachungaji, ambao wamefundishwa kwamba kila neno la zamani linalomhusu mtu mwenye ulemavu ni baya. Ni kweli kwamba mengi ni mabaya. "Kilema" limeachwa kwa haki, na kutoka hapo tukaenda "mlemavu", na sasa sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini kwa viziwi hatuna haja ya kukisia, kwa sababu wamekwisha kujitaja. Chama chao, kilichoanza miaka ya 1980, kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kifupi CHAVITA, na jina hilo lilichaguliwa na wenyewe. Mwaka 1991 Shirikisho la Viziwi Duniani nalo liliamua kushika maneno mawili tu, viziwi na watu wenye usikivu hafifu, na kuyaacha majina ya kulainisha yanayomtaja mtu kwa kuharibika kwa usikivu wake. Hoja yao ni rahisi kuielewa ukikaa nao: hawajioni kama watu wanaosikia walioharibika. Wanajiona kama watu wenye lugha yao, desturi zao na historia yao, na kiziwi ndilo jina la watu hao.

Nimewahi kusikia hoja kwamba maneno kama kiziwi na kipofu yanadhalilisha kwa sababu yako katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Naielewa nia ya hoja hiyo lakini siikubali, kwa kuwa kiongozi, kijana na kinara wako humo humo na hakuna anayeona wamedhalilishwa. Hata hivyo jambo hili lina upande ambao hautaki kurahisishwa: wenzao wasioona wamechagua njia nyingine. Chama chao kinaitwa Chama cha Wasioona Tanzania, na wengi wao hawataki kuitwa vipofu. Maneno hayo mawili ni ndugu katika sarufi, yana umri unaolingana na yalikuwa yakitumika bega kwa bega, lakini moja limeshikwa na wenyewe na jingine limeachwa na wenyewe. Kwa watu wenye ualbino neno "zeruzeru" halikuachwa kwa sababu za adabu tu. Lilitembea pamoja na imani zilizowafanya wawindwe na kuuawa, na anayelitamka leo hawezi kulisafisha kwa kusema hakukusudia ubaya. Siwezi, basi, kumpa msomaji kanuni moja ya kupimia maneno yote haya. Kinachopimwa ni uamuzi wa wenye jina, na uamuzi huo hutofautiana.

Swali gumu zaidi ni la nani anaruhusiwa kutumia neno ambalo wenyewe wamelikataa, kwa sababu ukikaa mkahawani pale jioni, kazi inapopungua, utaona wahudumu wakitaniana kwa mikono, na katika utani huo hawaachiani. Mwenzangu tuliyekuwa naye, ambaye amefanya kazi na viziwi kwa muda mrefu na ana ufasaha wa lugha ya alama, alinitafsiria kidogo: mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba kichwa chake ni kizito kama cha mtu ambaye hajawahi kukanyaga shule, kwamba ni bubu kabisa, na aliyeambiwa alikuwa akicheka hadi machozi. Nikamuuliza mwenzangu kama yeye, kwa kuwa anaijua lugha na ni rafiki yao, angeweza kumwambia hivyo. Akanijibu kwamba hajawahi kujaribu na hatajaribu.

Iringa ni mahali pazuri pa kulielewa jibu lake, kwa sababu ni nchi ya utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na uadui ule ukageuka utani, kiasi kwamba Mngoni anaweza kusimama msibani kwa Wahehe na kumtukana marehemu, na wafiwa wakacheka; mtu mwingine akiyarudia maneno hayo hayo, atatolewa nje. Anayeutazama utani kwa mbali hudhani ni ruhusa ya kutukana. Aliyekulia ndani yake anajua kwamba una masharti mazito. Mtani hujibiwa, tena palepale, kwa tusi la kiwango hicho hicho, na hana haki ya kununa. Mtani ana wajibu: ndiye anayeshika kazi za msiba na ndiye anayeweza kudaiwa msaada bila kukataa. Na hakuna mtu anayejiteua kuwa mtani wa watu. Utani unatambuliwa na pande zote mbili kabla neno la kwanza halijatamkwa.

Ukiupima ucheshi wa wale wahudumu kwa masharti hayo, unaona kila kitu kipo. Yule aliyeitwa bubu anaweza kumwita mwenzake bubu. Wote wawili wameitwa hivyo na watu wengine kwa dharau, kwa hiyo anayelisema amekwisha kulipia gharama yake. Na kesho mmoja akiumwa, mwingine ndiye atakayemsindikiza hospitali. Sasa mpime yule bwana wa semina. Yeye ni mteja na mwenzake ni mhudumu, kwa hiyo hawezi kujibiwa kwa kiwango chake; hajawahi kuitwa bubu kwa maana hiyo hata siku moja; na akishalipa bili anapanda gari kurudi alikotoka. Hakuwa na hata sharti moja, na kutokuwa na nia mbaya hakuzibi pengo hilo.

Kuna watu ambao ni vigumu zaidi kuwapima, nao ni jamaa wa viziwi. Mama yangu mdogo alizaa mtoto kiziwi, na mtaani kwao kwa miaka mingi aliitwa Mama Bubu. Aliitika. Aliitwa hivyo kisimani, kanisani na kwenye kikundi cha kukopeshana, na yeye mwenyewe alimwita mwanawe Bubu, kwa upendo ambao sina shaka nao hata kidogo, kwa sababu nilimwona akimbeba mgongoni hadi umri ambao watoto wengine walikuwa wakichunga mbuzi. Jina la ubatizo la yule mtoto lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Watu walipomwona walisema "hujafa hujaumbika", msemo ambao sisi tunauona kuwa wa huruma lakini ambao maana yake, kwa anayeambiwa, ni kwamba yeye ni balaa ambalo wengine bado hawajafikiwa nalo. Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa na jina jipya, alilopewa na wenzake: kidole kinachogusa juu ya nyusi ya kushoto, mahali penye kovu alilolipata alipoanguka akiwa mdogo. Alimfundisha mama yake jina hilo, akamfundisha na la mwalimu wake na la rafiki yake wa kitanda cha jirani. Tangu likizo ile mama mdogo hakuitika tena akiitwa Mama Bubu. Aliyemwita hivyo alimwacha aite hadi achoke. Hakuna aliyemhutubia kuhusu haki za binadamu. Alikuwa ameona tu kwamba mwanawe ana jina ambalo amelikubali.

Jina lile la kovu linahitaji maelezo, kwa sababu mtu anayesikia anaweza kuuliza: ikiwa viziwi huitana kwa makovu, kwa masikio makubwa, kwa mwanya au kwa unene, wana haki gani ya kukasirikia neno bubu? Majina ya alama ndivyo yalivyo. Hutolewa na viziwi, na mtu anayesikia hajipi jina la alama mwenyewe, anasubiri apewe. Mara nyingi huchukua kile ambacho macho huona kwanza, kwa kuwa ni lugha ya macho, na alama iliyo mwilini hutumika kumtambua mtu, bila hukumu juu yake. Vivyo hivyo kunyoosha kidole. Sisi tumefundishwa kwamba kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu, lakini katika lugha ya alama kidole ndicho "mimi", "wewe" na "yeye", na mhudumu anayekunyooshea kidole kisha akaonyesha kahawa anauliza tu kama kahawa ni yako. Nimemwona mteja akikunja uso kwa jambo hilo. Mtu huyo alikuwa akipima adabu ya lugha moja kwa kipimo cha lugha nyingine. Ni kosa lile lile la anayedhani kwamba kwa kuwa wao hutajana kwa makovu, basi na yeye anaruhusiwa kuwaita apendavyo.

Kenya imekwenda mbali kuliko sisi katika jambo hili, na nadhani tunapaswa kulitamani. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Namna ya kuitwa imewekwa ndani ya katiba yenyewe. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 120, inaifanya lugha ya ishara ya Kenya, kama wanavyoiita wao, kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Jijini Nairobi nako kuna mkahawa wa Pallet, ulioajiri wahudumu viziwi, na anayesafiri kati ya nchi hizi mbili ana nafasi ya kuona kwamba wazo hili linafaa mji mkubwa kama linavyofaa mji wa mlimani.

Nirudi kwenye huduma. Wengine huenda Neema Crafts kama watu waendao kutoa sadaka, wakiwa wamejiandaa kuvumilia. Hakuna cha kuvumilia. Wahudumu hawa wanaitambua meza inayotaka kuhudumiwa kabla haijapunga mkono, kwa sababu wanatazama. Nimeshawahi kukaa katika hoteli za gharama kubwa ambako mhudumu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu akiangalia simu. Utaratibu wa kuandika unachukua muda kidogo zaidi mwanzoni, na mtu mwenye haraka ya basi anapaswa kulizingatia hilo kabla hajaketi, lakini unaurudisha muda huo mwishoni kwa kuwa hakuna sahani ya kurudishwa jikoni. Bakshishi, ukitoa, mpe mkononi anayekuhudumia ukiwa umemtazama usoni, wala usimwachie kwa mtindo wa kumhurumia. Na usimwambie "pole" kwa kuwa kiziwi. Amekuletea kahawa, neno linalofaa ni asante, na mhudumu atakufundisha alama yake ukimwomba, kama alivyonifundisha mimi na kunisahihisha kiganja mara ya kwanza nilipokigeuza vibaya.

Ukiwa na watoto, waeleze kabla hamjaingia kwamba watahudumiwa na viziwi, kwa neno hilo hilo, na uwape kalamu waandike oda zao wenyewe. Watoto hulizoea jambo hili haraka kuliko wazazi. Mwenye kikundi cha semina au wanafunzi na aombe kutembezwa karakana kabla ya kula, ili wageni wake waketi mezani wakiwa wamekwisha kuona watu hawa wakifanya kazi na kuelekezana kwa lugha yao. Wale wanaopiga picha, ombeni ruhusa kwa anayepigwa, na mkiandika maelezo chini ya picha hiyo, andikeni "mhudumu kiziwi" kama kuna sababu ya kulitaja hilo, au "mhudumu" kama hakuna.